Kanuni za Sharti na Makadirio ya Akili: Mfano wa Singida

Katika nchi ya Wanyaturu, hapo Singida, yalitokea mauaji mengi katika miaka ya 1946 na 1947. Maiti zilionekana zimeraruliwa kana kwamba ni kazi ya simba. Lakini mashtaka yalipofika mahakamani, baadhi ya wauaji walithibitishwa kuwa ni wanadamu, wakahukumiwa kunyongwa. Harold Schneider aliirudia habari hiyo mwaka 1962 katika Tanganyika Notes and Records.

Tuishike kanuni moja tu: "Maiti ikiwa na alama za makucha, mwuaji ni simba." Je, ni vifo gani vichunguzwe ili kanuni hii ijaribiwe? Mantiki hudai viwili: vyenye alama za makucha, na vile ambavyo yajulikana kuwa mwuaji ni mtu.

Mwaka 1966 Peter Wason wa London alieleza jaribio la namna hiyo kwa kadi nne, zenye E, K, 4 na 7. Kanuni ilikuwa kwamba penye irabu upande mmoja, upande wa pili pana namba shufwa. Yafaa kugeuza E na 7. Wengi huchagua E peke yake, au E na 4. Kwa miaka mingi wataalamu waliliita hilo kosa.

Mwaka 1994 Mike Oaksford na Nick Chater walilitetea. Walisema kwamba mambo yatajwayo katika kanuni kwa kawaida ni adimu, na akili hutafuta penye habari nyingi zaidi. Ukishuku kwamba uyoga fulani huumiza tumbo, hutapita nyumba kwa nyumba Utemini ukiwauliza wazima wote walikula nini. Utawaendea wachache wanaoumwa. Naona hoja hii ni ya haki.

Lakini ubora wake hutegemea uchache. Pale ambapo vifo vingi vya porini vimekwisha kuhesabiwa kuwa vya simba, vinavyojulikana kuwa vya mkono wa mtu ndivyo vichache, na ndimo ilimo habari. Hapo makadirio hayohayo humpeleka mpelelezi kwenye kadi ya 7.

Kiswahili nacho kina sehemu yake. Kiambishi -ki- katika "simba akija" hubeba sharti na wakati pamoja: huenda msemaji anamtarajia simba. Katika "simba angekuja" matarajio hayo yamepungua sana. Basi anayetaka kulifanya jaribio la Wason kwa Kiswahili achague kwanza kati ya "ikiwa", "iwapo" na -ki-, maana -ki- huweza kumdokezea msikilizaji uwezekano kabla hajagusa kadi.