USS Franklin (CV-13): Kupigwa Mabomu na Maziko Baharini

USS Franklin ilikuwa manowari ya kubebea ndege ya Jeshi la Wanamaji la Marekani katika Vita Kuu ya Pili. Mabaharia wake waliipa jina la utani "Big Ben". Ilikuwa ya aina ya Essex, urefu wake mita 266. Ilijengwa Newport News, Virginia, ikashushwa majini Oktoba 1943 na kuanza kazi rasmi Januari 31, 1944. Inakumbukwa zaidi kwa asubuhi ya Machi 19, 1945, ilipopigwa mabomu karibu na Japani na kupoteza watu takriban 800. Miongoni mwa manowari za kubebea ndege za Marekani zilizonusurika vita hivyo, hakuna iliyoharibiwa vibaya kama hiyo.

Haikuwa mara yake ya kwanza kuwazika watu wake. Oktoba 30, 1944, katika maji ya Ufilipino, rubani Mjapani wa kujitoa mhanga aliibamiza ndege yake kwenye sitaha, wakafa watu 56. Meli ikatengenezwa, ikarudi vitani.

Shambulio la Machi 19

Usiku wa kuamkia siku hiyo mabaharia hawakupata usingizi, kwa kuwa king'ora kiliwaita vituoni tena na tena. Kulipokucha, meli ikiwa kiasi cha maili 50 tu kutoka pwani ya Japani, nahodha Leslie Gehres alilegeza hali ya tahadhari ili watu wapate kula. Foleni ya chai ya asubuhi ikajipanga hadi ndani ya banda la ndege, chini ya sitaha ya kurukia. Juu yao kulikuwa na ndege 31 zilizojazwa petroli na kupakiwa silaha, zikingoja zamu ya kuruka.

Muda mfupi baada ya saa 1, ndege moja ya Kijapani ilichomoza mawinguni ikadondosha mabomu mawili. Bomu moja lilitoboa sitaha na kulipuka bandani. Mvuke wa petroli ukashika moto, na humo bandani walinusurika watu wawili tu. Kisha silaha za meli yenyewe zikaigeukia: mabomu na roketi kubwa ziitwazo Tiny Tim zililipuka mfululizo kwa saa kadhaa. Injini zilizimika, meli ikalalia ubavu wake wa kulia kwa nyuzi 13.

Luteni Donald Gary aliwakuta watu wapatao 300 wamenaswa katika chumba cha kulia chakula kilichojaa moshi. Alipapasa njia gizani, akaipata, akarudi mara tatu mpaka wote wakatoka. Juu sitahani, kasisi Mjesuiti Joseph O'Callahan aliwaombea waliokuwa wakikata roho, akaongoza wazima moto, na kusaidia kutupa baharini mabomu yaliyokwisha kupata moto. Wote wawili walitunukiwa Medali ya Heshima.

Meli ya USS Santa Fe ilijisogeza ubavuni kabisa, milipuko ikiendelea, ikachukua majeruhi na mamia ya mabaharia. USS Pittsburgh ikaivuta Franklin hadi ilipoweza kuwasha tena injini zake.

Maziko

Moto ulipotulia, kazi iliyobaki ilikuwa ya wafu. Kwa desturi ya wanamaji wa enzi hizo, maiti hushonewa turubai pamoja na kitu kizito, mara nyingi kombora la mzinga, ili izame moja kwa moja. Hulazwa juu ya ubao, ikafunikwa bendera, kasisi akasoma dua. Ubao huinuliwa upande mmoja. Mwili huteleza baharini, bendera hubaki mikononi mwa wenzake.

Ndani ya Franklin miili ilikuwa mingi mno kuliko mikono ya kuizika. Mabaharia wachovu walishuka kwenye vyumba vilivyoungua kuwatafuta watu waliokula nao jana yake. Wengine hawakutambulika kwa sura, ikabidi kutafuta kibati cha jina shingoni. Maziko yaliendelea huku meli ikielekea visiwa vya Ulithi katika Pasifiki, bahari ya wazi ikawa makaburi ya vijana ambao mama zao hawakupata kaburi la kuzuru. Majina ya wengi waliokosa kaburi katika vita vya Pasifiki, wakiwemo wa Franklin, yamechongwa kwenye kuta za mawe za makaburi ya Punchbowl, Honolulu.

Baadaye

Kwa injini zake yenyewe, Franklin ilisafiri maili zipatazo 12,000 kupitia Pearl Harbor na Mfereji wa Panama, ikafika New York Aprili 28, 1945. Nahodha Gehres aliwatuhumu baadhi ya walioondoka melini kuwa walitoroka, ingawa wengi walikuwa wamerushwa na milipuko au kuzingirwa na moto. Mashtaka hayo yalifutwa. Meli ilitengenezwa lakini haikurudi vitani. Mwaka 1966 iliuzwa kama chuma chakavu kwa kampuni ya Chesapeake, Virginia, si mbali na gati ilikozaliwa.