Boti ya kuishi: Bei si gharama yote
Kodi ghali za nyumba jijini London zimewasukuma baadhi ya wakazi kuhamia botini, kwenye mifereji iliyochimbwa karne ya 18 na ya 19 kusafirishia makaa ya mawe na bidhaa za viwandani. Boti nyingi ni nyembamba, upana wake ukiwa takriban mita 2.1, ili zipite kwenye malango ya maji.

Hata hivyo, bei ya boti si gharama yote. Mwenyewe hana budi kuwa na leseni, bima na cheti cha usalama kinachotolewa upya kila baada ya miaka minne.

Isitoshe, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1995, boti isiyo na maegesho ya kudumu haifai kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, isipokuwa kwa sababu ya haki. Sharti isafiri. Hapo ndipo wenye watoto shuleni hutaabika.

Kabla ya kulipa, mnunuzi ahakikishe boti imetolewa majini, na mtaalamu apime unene wa chuma, kwani kutu hula kusikoonekana. Aulizie pia maegesho. Akiyakosa, atakuwa amenunua nyumba isiyo na kiwanja.