Damu ya Kubaleghe

Mombasa kisiwani hatuna mto. Tumezungukwa na maji chumvi, na kichocho hakiishi baharini. Ndiyo maana nilikiona ni ugonjwa wa watu wengine, mpaka siku ile Marikiti, kwenye meza ya ami yangu muuza nyanya.

"Wewe! Sisi Kwale tulikuwa twaogelea bwawani," akacheka. "Ukikojoa damu, twasema huyu sasa kijana. Ambaye hajakojoa, twamcheka."

Dr. Theodor Bilharz alishawagundua minyoo hao Cairo mwaka 1851. Hukulia ndani ya konokono wa maji baridi, wakatoka, wakatoboa ngozi ya muogaji kwa dakika chache tu.

Sasa sikiza. Mwaka 1984, jarida la kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa liliripoti wanafunzi Wamarekani waliorudi kutoka Kenya na kichocho kikali, kilichofika hadi uti wa mgongo. Mwili usiomzoea mnyoo huwaka homa na kikohozi wiki chache baada ya kuoga. Aliyekulia kando ya bwawa mara nyingi hapati homa hiyo. Kwake mayai hukaa kimya kwenye kibofu, miaka nenda miaka rudi, yakikiharibu.

Basi wageni walipougua, ikaandikwa. Ami alipokojoa damu, akapongezwa.

Prazikwanteli ipo tangu miaka ya 1970. Nikamuuliza, "Ami, ulishawahi kupimwa?"

Hakujibu. Akaendelea kupima nyanya za mteja.

Jumatatu nampeleka mwenyewe.