Kamshafti ya Barabara na Kamshafti ya Mashindano: Historia ya Uchaguzi wa Fundi

Katika mitaa ya Nyakabiga na Buyenzi, swali la kamshafti huulizwa mbele ya boneti iliyofunguliwa, si darasani. Insha hii inalichukua kama swali la historia. Kwa nini mafundi wa ukanda wetu, wakipewa nafasi ya kuchagua, huchagua kamshafti tulivu na springi za kawaida? Je, ni umaskini tu, au ni ujuzi? Nasema ni ujuzi, na ushahidi wake naupata katika mashindano ya magari ya Safari yaliyoanza mwaka 1953, na katika mlima unaoanza nje kidogo ya mji wetu.

Kwanza nieleze kifaa chenyewe kwa wenzangu wa lugha na fasihi ambao hawajawahi kuchafua mikono kwa grisi. Kamshafti ni mtaimbo wenye nundu. Unapozunguka, kila nundu husukuma valvu ifunguke, na springi huirudisha ifunge. Nundu ndefu hufungua valvu zaidi. Nundu pana huiacha wazi kwa muda mrefu. Injini inayokimbia sana hupenda nundu pana, kwa sababu hewa haina muda wa kuingia. Lakini injini hiyohiyo ikienda polepole, valvu ya kuingiza huchelewa kufunga, pistoni inapanda, na sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia inasukumwa kurudi ilikotoka. Kwa hiyo anayechagua kamshafti hachagui nguvu nyingi au chache. Anachagua nguvu ije lini.

Wazo la nundu kwenye mtaimbo ni la kale. Al-Jazari, mhandisi aliyehudumia watawala wa Artuqid huko Diyarbakır, alilieleza katika kitabu chake cha mitambo cha mwaka 1206, kwa Kiarabu. Nalitaja kwa sababu wengi wetu tumezoea kudhani kila kilicho ndani ya gari kilizaliwa Ulaya.

Springi ndiyo iliyowasumbua Wazungu kwa muda mrefu. Mwaka 1912 Peugeot ilishinda Grand Prix ya Ufaransa kule Dieppe, dereva akiwa Georges Boillot, kwa injini yenye kamshafti mbili juu na valvu nne kwa kila silinda. Mpangilio huo ndio uliomo leo katika magari mengi yanayopita mbele ya chuo chetu. Tangu hapo wahandisi walitaka injini ikimbie zaidi na zaidi, na kila mara springi ziliwagomea. Hesabu yake ni kali. Nguvu inayohitajika kuirudisha valvu hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukitoka mizunguko 3,000 kwa dakika kwenda 6,000, hitaji hilo linakuwa mara nne. Hata kutoka 6,000 kwenda 7,000 tu linaongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Springi ikishindwa, valvu inaacha kuifuata nundu, inaelea, na katika injini nyingi hukutana na pistoni ikiwa bado wazi. Mkutano huo hauna msuluhishi. Mercedes walichoka kiasi kwamba gari lao la W196, la misimu ya 1954 na 1955, liliacha kabisa kutegemea springi: valvu zilifunguliwa na kufungwa kwa nundu.

Wakati huohuo, huku kwetu, historia ilikuwa inafuata njia nyingine. Safari ilianzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilikuwa sherehe ya kikoloni, hilo halifichiki. Burundi haikuwamo. Lakini barabara zake zilikuwa barabara zetu: tope, vumbi, miinuko mirefu, na masaa mengi bila gereji. Mwaka 1963 magari zaidi ya 80 yalianza na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yalimaliza 7 tena. Miaka hiyo yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404; kati yake, 1966 na 1967, Bert Shankland kutoka Tanzania alishinda na gari la aina hiyohiyo.

Tuitazame 404 hiyo. Kampuni ileile iliyoweka kamshafti mbili juu mwaka 1912, sasa ilikuwa imeweka moja tu, chini ndani ya bloku, ikisukuma valvu kwa fimbo na roka. Injini ya kawaida ya karbureta ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 1,618 na nguvu za farasi 72 hivi, lakini nguvu yake ya kuvuta ilifika kilele karibu na mizunguko 2,250. Yaani ilikuwa tayari kuvuta kabla dereva hajaikanyaga sana. Kwenye tope hilo ndilo linalotafutwa, kwa sababu gurudumu linaloshtuliwa kwa nguvu ya ghafla huzunguka palepale na kujichimbia.

Anayenivutia zaidi ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, kwa kuwa alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965, pamoja na ndugu yake Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika katika mashindano, akimwacha mshindi wa pili kwa zaidi ya saa moja na nusu. Mwaka 1974 alishinda tena kwa Mitsubishi Lancer ya ujazo wa 1,600, mbele ya Björn Waldegård aliyekuwa na Porsche 911 yenye injini kubwa zaidi. Sitaki kudai kwamba kamshafti ndiyo iliyoshinda; Porsche ilicheleweshwa na uharibifu upande wa magurudumu, si valvu. Ninachodai ni kidogo zaidi: kwamba katika Safari, nguvu za juu kabisa hazikuwa sarafu iliyonunua ushindi. Kilichonunua ni kufika.

Mhadhiri makini atanikumbusha mwaka 1984, na ana haki. Mwaka huo, Waldegård huyohuyo alishinda kwa Toyota Celica ya kamshafti mbili na tabo, na Toyota ikarudia 1985 na 1986. Je, hoja yangu imevunjika? Sidhani. Tabo huisukumia injini hewa ambayo mwinuko umeipunguza, na nyuma ya gari lile kulikuwa na kiwanda kizima, mafundi wakisubiri njiani na vipuri vipya. Ukitoa vitu hivyo viwili, unabaki na injini inayopenda kukimbia katika nchi isiyo na mahali pa kuikimbizia.

Hapo ndipo tunarudi nyumbani. Bujumbura iko kandoni mwa ziwa, kwenye mita 800 hivi juu ya bahari. Barabara ya taifa namba moja inapanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, kwa mwendo wa kilomita 35 hivi tu. Kwa kanuni ya mafundi, injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Kila mmoja wetu amewaona vijana wa baiskeli wakining'inia nyuma ya malori yanayopanda. Wanaweza kuyashika kwa sababu yanakwenda polepole! Sijui takwimu inayoueleza mlima ule vizuri kuliko mkono wa yule mwendesha baiskeli. Kamshafti ya mashindano, ambayo nguvu yake inaanza pale injini inapopiga kelele, ingemlazimisha dereva kubaki gia ya kwanza au ya pili akiichoma petroli, katika miaka hii ya foleni za mafuta.

Jirani yangu mmoja hapa Nyakabiga anakusanya injini yake ya kwanza, ya Toyota Carina, na gari likikamilika litakuwa teksi. Ameweka humo akiba yake na fedha za mjomba wake. Mtu fulani alimshawishi aagize kutoka Dubai kamshafti za mashindano na springi ngumu, ili gari "liimbe". Aliponiuliza, kwa utani, historia inasemaje, nilimwonyesha kwamba Toyota wenyewe walikwisha kulijibu swali hilo mara mbili, katika ukoo mmoja wa injini. 4A-GE ya mwaka 1983 ilipewa valvu zilizotanuka kwa pembe ya nyuzi 50, itumike na wapenda mbio. 4A-F iliyofuata ilibanwa hadi nyuzi 22 hivi, mkanda ukizungusha kamshafti moja na hiyo ikiizungusha ya pili kwa gia, kwa ajili ya watu wanaohesabu lita. Ya kwake ni ya ukoo huu wa pili.

Springi ngumu nazo zina gharama yake. Injini inatumia nguvu kuzibana, na nundu zinalika haraka. Springi nzuri ni ile inayotosha kwa kamshafti iliyopo, basi.

Alizipima zote 16: urefu zikiwa huru, kisha kila moja akaisimamisha juu ya kioo pembeni mwa bevu ya seremala. Mbili zilikuwa fupi, moja imeinama. Ameamua kununua seti nzima ya kawaida, na kamshafti zilezile za zamani zinarudi, kwa kuwa nundu zake bado zimo ndani ya vipimo vya kitabu cha kampuni. Mkanda wa taiming ndio bado anautafuta Buyenzi.