Alindwe Nani: Msafiri au Bandari?

Januari 1499 meli za Vasco da Gama zilitia nanga Malindi zikitoka India. Zilikuwa zimekaa baharini karibu miezi mitatu, na mabaharia wapatao 30 walikuwa wameshakufa na kutoswa majini. Waliosalia walikuwa hoi kwa kiseyeye: fizi zimevimba hadi kufunika meno, mtu hata kula hawezi. Nahodha akatuma mtu nchi kavu akatafute machungwa, maana wagonjwa walikuwa wakiyalilia. Walikuwa wameshaijua ladha yake. Aprili iliyotangulia, Mombasa, walipelekewa machungwa wakapata nafuu, ingawa mwandishi wa safari ile aliisifia hewa nzuri ya mji. Safari hii wengi walikuwa wamechelewa. Watu hawakutosha tena kuendesha meli tatu, na São Rafael ikachomwa moto karibu na Tanga.

Mwaka 1747 daktari James Lind aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa wa kiseyeye wawili wawili, na waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Hata hivyo, Jeshi la Majini la Uingereza lilikaa hadi 1795 ndipo likaagiza maji ya limau yagawiwe melini. Miaka 48! Baharia akifa, alitafutwa mwingine.

Bandari zenyewe hazikuchelewa hivyo kujilinda. Ragusa, Dubrovnik ya leo, iliamuru mwaka 1377 kwamba atokaye penye tauni akae nje ya mji siku 30. Baadaye zikawa 40. Huko kutengwa kuliwaokoa wenyeji wengi, sikatai. Lakini aliyetengwa aliachiwa Mungu.

Sura hiyo ilijirudia kwa mahujaji. Mwaka 1865 kipindupindu kiliua maelfu yao Makka, kikapanda meli hadi Misri na Ulaya. Mwaka uliofuata mataifa yakakutana Istanbul, na shabaha kubwa ilikuwa kuukinga ugonjwa usivuke. Kuanzia 1882 hujaji aliyepitia kusini mwa Bahari ya Shamu alishushwa kisiwani Kamaran na kuzuiliwa, na ada ya kuzuiliwa kwake akailipa mwenyewe. Huku kwetu, kipindupindu cha 1869 hakikusubiri meli ili kifike pwani. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja, aliwahoji wafanyabiashara wa misafara akafuata nyayo za ugonjwa kutoka Umasaini hadi Pangani, kisha kisiwani. Karantini ya bandarini ingezuia nini huko bara?

Mageuzi ya kweli yaliletwa na chanjo. Max Theiler alipopata chanjo ya homa ya manjano, 1937, kitu kimoja kilimfaa mwenyeji na mgeni pia. Kadi ya njano ya kuthibitisha chanjo ikaingia mfukoni pamoja na pasipoti. Tangu 2016 muda wake hauishi maisha yote. Inaanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, jambo ambalo wasafiri wengi hulijua wakiwa wameshakata tiketi.

Vivyo hivyo homa ya uti wa mgongo. Ilipozuka kwenye hija ya 1987, Saudia iliifanya chanjo kuwa sharti. Aina nyingine ya vimelea ilipozuka mwaka 2000, sharti likapanuliwa lijumuishe aina nne. Anayechanjwa leo kabla ya kupanda ndege kwenda Jeddah anajilinda yeye mwenyewe, na anamlinda jirani yake hemani na familia atakayoirudia.

Ila ulinzi huu una daftari, na asiyeandikwa haumfikii. Juni 2024, wakati wa hija, joto lilipita nyuzi 51 Makka. Serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301, asilimia 83 vya watu wasio na vibali vya hija. Mahema yenye viyoyozi na mabasi yalikuwepo, lakini kwa wenye vibali. Wengine walitembea mwendo mrefu juani, na wengi wao walikuwa wamekosa uwezo wa kulipia safari rasmi.