Bunduki za Misafara Katika Uwanda wa Athi

Msafiri atokaye Mombasa kwa barabara kuu, akishaipita Athi River na kuikaribia Nairobi, huikuta Mlolongo, mji wa malori, ambako mafundi wenye mikono ya grisi hufunga spea za kila namna, za asili na za kuiga. Mji wenyewe ni mchanga. Lakini uwanda huu ulivukwa na misafara ya pwani kabla ya reli kufika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na misafara hiyo, iliyopanda kwa njia ya Taita, Kibwezi na Machakos kuelekea Ngong, nayo ilikuwa na suala lake la spea, ambalo aghalabu liliamua uhai na mauti: spea za bunduki.

Watunzi wa tarikhi wamezoea kuzihesabu bunduki. Euan-Smith, balozi wa Kiingereza mjini Unguja, aliandika mwaka 1888 kwamba silaha zilizoingia Afrika ya Mashariki zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka, na hesabu hiyo imenakiliwa mara nyingi kana kwamba kila bunduki iliyoshuka forodhani ilikuwa bunduki yenye kulia. Sivyo. Nyingi zilikuwa magobori ambayo majeshi ya Ulaya yalikwisha kuyaacha, au bidhaa rahisi zilizoundwa Birmingham na Liège kwa ajili ya biashara ya Afrika, nazo zilifika bara zikiwa na mabaka ya kutu na mitambo iliyolegea, zikabaki katika dhamana ya mhunzi yeyote aliyepatikana njiani.

Mtambo wa gumegume ni mwepesi kuueleza na mgumu kuutegemea. Jiwe hubanwa katika meno ya nyundo, likiwa limezungushiwa kipande cha ngozi lisiteleze. Kamani ikifyatuka, nyundo hulipiga jiwe juu ya bamba la chuma, cheche zikaangukia kifa kilichotiwa baruti, na moto ukapenya kwa tundu hata ndani ya kasiba. Jiwe likiwa butu, cheche hazitoki. Bamba likiwa la chuma laini badala ya pua, jiwe hulikwangua bure. Kamani iliyofuliwa upya ikiwa dhaifu, nyundo huanguka bila nguvu, na ikiwa kali kupita kiasi, hulivunja jiwe lenyewe. Mawe yaliyochongwa kwa kazi hiyo huko Brandon, Uingereza, yaliuzwa Afrika kwa miaka mingi, lakini mpagazi aliyeishiwa nayo akiwa mwezi mzima kutoka pwani alifunga jiwe la kuokota, na tangu hapo bunduki yake ilikuwa bunduki kwa sura tu.

Bunduki za fataki zilizofuata ziliustahimili unyevu kuliko gumegume, ila zilileta utumwa mwingine, maadam jiwe la kuokota huweza kubahatika, ilhali fataki haiokotwi porini, na aliyeimaliza akiba yake alibaki na rungu la thamani kubwa.

Mkono nao ulikuwa na sehemu yake. Wasafiri wa zama hizo waliwalaumu wapagazi kwa kufyatua bunduki ikiwa kiunoni, macho wameyafumba, wala hawakuiegemeza begani. Lawama hiyo naiona haina insafu. Mtu aliyepewa kasiba nyembamba yenye kutu, naye amezoea kuishindilia baruti nyingi ili ilie kwa kishindo, alikuwa na kila sababu ya kuiweka mbali na uso wake. Ubovu wa chombo ndio uliomfundisha ushikaji mbovu, na ushikaji huo ukaipoteza shabaha. Wakamba, kinyume chake, waliuamini upinde, kwa kuwa kamba yake, manyoya ya mshale na sumu yake vyote vilipatikana nyumbani, na kilichokatika leo kilirudishwa leo.

Haifai kusema kwamba kila kipande cha kuongezwa ni hasara. Snider, iliyochukuliwa na askari wengi wa Kampuni ya Kiingereza iliyofungua kituo Machakos mwaka 1889, ilianza kama zao la ukarabati: gobori la Enfield la mwaka 1853 lilikatwa nyuma na kutiwa mlango wa kupokea risasi, na jeshi la Uingereza likaukubali mtambo huo mwaka 1866. Ulifaa kwa sababu kipande, kasiba na risasi vilipimwa pamoja. Kinyume chake, Martini-Henry, iliyoundwa mpya tangu mwanzo, iliwakwamia Waingereza wenyewe huko Sudan mwaka 1885, kwa kuwa maganda ya risasi zake yalikuwa ya shaba nyembamba iliyokunjwa, yakanasa ndani ya kasiba iliyopata moto. Hata Patterson, aliyewaua simba wawili wa Tsavo mnamo Desemba 1898, aliwahi kumwelekezea mmojawapo bunduki ya kuazima yenye mitutu miwili, na mtutu wa kwanza ukakataa kulia simba akiwa mbele yake.

Kanuni ni ile ile katika bastola ya siku hizi, ambayo hutumia nguvu ya mrusho wake kutupa ganda na kujilisha risasi ya pili: kamani isiyo ya kadiri yake huivuruga, na kifundo cha mkono kikilegea, mtambo hukosa kitu cha kuegemea, ukasita katikati ya safari yake.

Mapatano ya Brussels ya tarehe 2 Julai 1890 yalizuia silaha bora zisiingie Afrika baina ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, yakaruhusu magumegume yasiyo na mifuo, na kwa hiyo kazi ya wahunzi wetu ikarefushwa umri. Kazi hiyo haijaandikwa ipasavyo. Nawaomba wanaotunza magobori katika makumbusho yetu wasizing'oe skrubu za kienyeji wala kuvibadili vipande vilivyofuliwa kwa mkono ili silaha ipendeze macho, bali waifungue mitambo, wapime kila kiraka, na wakiandike kama kilivyo.