Amani na utulivu

Amani ni hali ya watu kuishi pamoja bila vita wala dhuluma. Utulivu ni kutokuwapo kwa ghasia tu. Mara nyingi huchanganywa, na kuchanganya huko kuna hatari. Kwa mfano, kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ya milima yao ya Uluguru. Utulivu ulikuwepo, haki haikuwepo; Julai 1955 ghasia zikazuka huko Matombo, na mtu mmoja akauawa. Wapo wanaosema matuta yalikusudiwa kuokoa udongo. Kweli mmomonyoko ulikuwepo, lakini jembe lilifukua udongo wa chini usio na rutuba, na kazi ilikuwa ya shuruti. Baada ya ghasia hizo mpango uliachwa.